Okidi Ipi Iwekwe Barazani?

Imekuwa desturi siku hizi, katika nyumba za watu wenye nafasi mijini, na katika maofisi, mahoteli na kumbi za arusi, kuweka juu ya meza okidi moja ndani ya chungu cheupe kinachong'aa, yenye majani machache mapana na mazito, na kikonyo kirefu kilichobanwa kwenye kijiti ili kisilale, na maua kumi au zaidi yaliyopangwa upande mmoja, yote yakimtazama aingiaye mlangoni. Ua hilo ni zuri, na ni upungufu wa insafu kuukana uzuri wake. Wataalamu huliita Phalaenopsis. Asili yake ni misitu ya Ufilipino, Indonesia na nchi za jirani, na iliyo nyingi katika biashara ya dunia leo hukuzwa kwa mamilioni katika mabanda ya vioo ya Uholanzi na Taiwan, ikatufikia ikiwa imekwisha kuchanua. Kisha, baada ya miezi miwili au mitatu, maua huanguka moja moja, kikonyo hukauka, na mwenye nyumba, ambaye alidhani kwamba amenunua shada la maua lililotiwa chunguni, huona kwamba mali imekwisha, akautupa mmea jalalani ilhali ungali hai, nao ungaliweza kuishi miaka kumi na kupita.

Muradi wa makala haya si kuilaumu okidi hiyo ngeni, wala kuwalaumu waiuzao, kwa sababu mgeni mwenye haiba hana kosa kwa kukaribishwa. Ninalotaka kulidai ni jambo jingine, ambalo nalisikia likisemwa mara chache mno: kwamba mtu wa pwani, akitaka okidi nyumbani kwake, okidi inayomfaa zaidi inaota katika nchi yake mwenyewe, na kwamba kinachotuzuia kuipata kwa njia ya halali ni kuwa wanaoikuza ni wachache wa kuhesabika, na sisi wengine tumeridhika na hali hiyo.

Tuanze na pua, maana kwa watu wa pwani hapo ndipo maua yanapoanzia. Bibi zetu hawakutafuta maua ya kutazamwa tu. Walitunga asmini, wakafunga vikuba vya rihani na mkadi, wakatandaza maua kitandani mwa bibi arusi, na waliijua saa ya kuchuma asmini, kwamba huchumwa jioni likiwa tumba, lipate kufunguka juu ya nywele za mvaaji na si juu ya mti. Ua lisilonukia, kwa mizani yao, lilikuwa na kasoro, hata likiwa na rangi za kustaajabisha. Sasa ile Phalaenopsis ya mezani, katika aina zinazouzwa sana, hainukii kabisa, au hunukia kwa uchache usiotambulikana. Imechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya jicho, na kwa ajili ya kudumu safarini na dukani. Na zile za buluu, zinazowahadaa wengi, ni nyeupe zilizotiwa rangi kwa sindano katika kikonyo; zikijaliwa kuchanua tena hutoa maua meupe, na mwenye nyumba akadhani amechezewa.

Okidi za kwetu tabia yake ni nyingine. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, juu ya miti na juu ya majabali ya matumbawe, huota okidi kubwa ambayo wataalamu wameiita kwa jina la Wagiriama, Angraecum eburneum giryamae. Majani yake ni marefu na magumu, yamepangwa pande mbili za shina, na mmea uliokomaa huweza kupita mita moja. Maua hutoka kwa wingi katika kikonyo kinene, petali zake nyembamba na za kijani kilichopauka, na mdomo wa ua, ambao katika okidi nyingi huelekea chini, katika hii umeinuka juu, mweupe, mpana, mnene kiasi cha kumfanya mtu aubonye kwa kidole kuhakikisha kwamba haukufinyangwa kwa nta. Mchana, ukipita karibu nalo, ua hilo haliombi chochote. Jua likishatua harufu huanza, kwanza kwa kuibia, kisha kwa uwazi, na ikifika saa tatu ya usiku aliyeketi barazani huuliza ni nani aliyejifukiza. Milimani, Usambara, Taita na katika nyanda za juu za Kenya, wako jamaa zake wadogo waitwao Aerangis, wenye maua meupe yaliyoning'inia kwa vikonyo, kila ua na mkia mwembamba mrefu nyuma yake, nao kadhalika hungojea giza ndipo wanukie.

Sababu ya tabia hii si siri. Mkiani mwa ua mna asali, na mteja anayekusudiwa ni nondo wa usiku mwenye ulimi mrefu. Weupe ni ili ua lionekane gizani, na harufu ni ili lifuatwe kutoka mbali. Charles Darwin, alipoletewa mwaka 1862 ua la jamaa wa okidi hii kutoka Madagaska, Angraecum sesquipedale, lenye mkia wa karibu sentimita 30, alisema kwamba lazima yuko huko nondo mwenye ulimi wa kufikia chini ya mkia huo, na wako wajuzi wa wadudu waliomcheka. Darwin akafa mwaka 1882 bila kumwona. Mwaka 1903 nondo huyo aliingizwa vitabuni kwa jina, na ulimi wake ulitosha. Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kila panapotajwa okidi, na mimi sikukiacha kwa kuwa kinaonyesha jambo ambalo bibi zetu walikwisha kulijua kwa asmini bila ya Darwin: ua jeupe la usiku halinukii bure.

Kabla ya kusema habari za kuilea, ni wajibu kuondoa shubuha moja. Wengi wetu, tukiona okidi imeshikamana na tawi la mwembe, huihesabu pamoja na ile mimea inayonyonya miti mpaka ikafa, na wako watunza bustani wanaoziparua kwa panga wakidhani wanauokoa mti. Hasha. Okidi ya mtini haili cha mti. Tawi ni pahala pake pa kukaa tu, palipo karibu na mwanga. Maji huyapata katika mvua na umande, na chakula katika vumbi, majani yaliyooza na vinyesi vya ndege vinavyoteremka na maji juu ya gome. Chukua mzizi wake mmoja uutazame kwa makini. Ni mnene kupita ulivyotarajia, katika aina kubwa unafikia unene wa penseli, nao umevikwa ngozi ya rangi ya fedha iliyojaa vitundu visivyoonekana kwa jicho. Tia tone la maji juu yake: mahali palipoloa hugeuka kijani mbele ya macho yako, kwa kuwa ngozi imekunywa na sasa inaacha ukijani wa ndani uonekane, upepo ukipita, weupe hurejea. Nchani pana sehemu fupi inayong'aa, ya kijani au yenye wekundu, na hapo ndipo mzizi unapokua. Aliyekaa na mzizi huo robo ya saa amekwisha kupata sehemu kubwa ya elimu ya okidi, maana ameona kwamba unapenda kuloa kabisa na kisha unapenda kukauka, na kwamba usipopata hewa huoza. Ule udongo mweusi wenye samadi, ambao waridi huutamani, ndio unaoua okidi nyingi mikononi mwa watu wenye nia njema.

Badala ya udongo, wakuzaji wa Ulaya hutumia maganda ya misonobari, ambayo huku pwani hupatikana kwa taabu na kwa bei isiyo na sababu. Sisi tuna makumbi ya nazi. Yakatwe vipande vya ukubwa wa kete za bao au zaidi kidogo, yachanganywe na vipande vya mkaa na vigae vya chungu kilichovunjika, yatiwe katika chungu cha udongo wa kuchoma chenye matundu chini na hata ubavuni, na okidi ikae humo mizizi yake ikipumua. Lakini iko hadhari moja, ambayo sijaiona katika vile vijikaratasi vya maelezo vinavyokuja na okidi za madukani, kwa sababu waliovitunga hawakukulia mahali wanawake wanapofukia makumbi katika mchanga wa bahari ili yalainike, wapate usumba wa kusokotea kamba. Makumbi yaliyopita huko yamejaa chumvi, na chumvi huiunguza mizizi ya okidi kuanzia nchani. Hata makumbi makavu yasiyofika baharini yana chumvi zake. Yarowekwe katika maji matamu usiku kucha, yamwagwe, yarowekwe tena na tena, mpaka maji yanayotoka yasiwe na rangi ya chai nzito. Hapo ndipo yanafaa.

Na maji yenyewe ni mas'ala. Visima vingi vya miji ya pwani vimeingiliwa na bahari, na maji yake, ambayo mchicha huyavumilia, huacha ukoko mweupe juu ya ukingo wa chungu na kuifanya mizizi iwe myeusi. Maji ya mvua hayana kifani. Mwenye nyumba yenye paa la mabati na pipa moja anaweza kukinga wakati wa masika na vuli maji ya kumtosha kwa okidi kadhaa, baada ya kuiacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa. Kuhusu siku za kumwagilia, mimi siamini kalenda. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na hewa nzito, mmea huo huo huweza kutaka maji kila siku ya pili, na wakati wa kipupwe ukakaa wiki nzima bila kulalamika. Anayefuata hesabu ya siku ataukosea katika nusu ya mwaka. Tazama mizizi: ikiwa ya fedha, mwagilia mpaka maji yatiririke chini, ikiwa ya kijani, iache. Fanya hivyo asubuhi, ili maji yaliyotuama katikati ya majani yapate mchana mzima wa kukauka, kwa sababu Phalaenopsis hasa hufa kwa kuoza kitovu chake. Mbolea ni kidogo tu, nusu ya kipimo kilichoandikwa chupani au chini ya hapo, wakati mmea unapotoa jani jipya. Vidung'ata, wale wadudu wadogo wenye unga mweupe wanaojificha kwenye kikwapa cha jani, wafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kabla hawajazaana. Hapana haja ya sumu.

Jani nalo lina lugha yake kuhusu mwanga. Likiwa la kijani cha giza, laini na lililolegea, mmea unaona kiza; likiwa na umanjano na madoa ya kuungua, jua limezidi. Baraza inayotazama mashariki, inayopata jua la asubuhi mpaka saa tatu au saa nne na kisha kivuli chenye mwanga, ndiyo bora kwa okidi nyingi. Chumba chenye kiyoyozi kinachovuma mchana kutwa hakifai, maana hewa yake imekaushwa, na okidi ni kiumbe wa hewa yenye unyevu.

Hapa nirejee kwa ile ngeni, kwa sababu watu wa Dar es Salaam na Mombasa hulalamika kwamba imegoma kuchanua mara ya pili, huku ndugu zao wa Nairobi, Arusha na Lushoto wakijisifu kwamba yao huchanua kila mwaka. Tofauti si mkono wa mtu. Phalaenopsis hushawishika kutoa kikonyo pale inapopata wiki kadhaa za ubaridi, chini ya nyuzi 25 za Selsiasi hivi, na joto likishikilia juu ya nyuzi 28 usiku na mchana huendelea kutoa majani tu, kwa afya njema na bila ua. Mtu wa pwani ana nafasi moja katika mwaka, nayo ni miezi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku unapoteremka kukaribia nyuzi 20: aitoe okidi yake ndani, aiweke mahali panapopigwa na upepo wa usiku wa kusi, asiinyime maji, na yamkini kabla ya mwaka kwisha ataona kikonyo. Lakini okidi ya Wagiriama haihitaji hila hizi zote, kwa maana kaskazi na kusi, joto na umande wa pwani, ndivyo ilivyovizoea tangu asili yake. Haitaki hata chungu, ikiwa una mwembe uani. Ifungwe kwenye shina, upande upatao jua la asubuhi, kwa kamba ya usumba iliyooshwa vizuri. Mizizi ikishashika gome, kamba na ioze, kazi yake imekwisha.

Msomaji ataniuliza, na ana haki ya kuuliza, ataipata wapi okidi hiyo. Na hapa ndipo maneno yangu yanapokuwa machungu, kwa sababu jibu linalokuja upesi ni lile lisilofaa: kwamba yuko kijana atakayekwenda mwituni na panga na gunia akamletea. Okidi nyingi zinazotembezwa bila ya jina wala asili zimepatikana kwa njia hiyo. Nitakupa alama zake. Mmea ulionyofolewa mwituni una mizizi iliyokatika, mingine ikiwa ingali imeng'ang'ania kipande cha gome. Majani yake yana makovu ya wadudu, hayalingani, na pengine yana ukungu wa kijivu uliokuwa ukiota juu ya mti ule ule. Uliokuzwa bandani una majani safi yanayofuatana kwa ukubwa, na mizizi iliyozunguka ndani ya chungu kwa kufuata umbo lake. Tena ule wa mwituni aghalabu haudumu, kwa kuwa okidi kubwa ikipoteza mizizi yake hukaa miezi mingi ikijilisha mwili wake, ikionekana hai mpaka siku inapoanguka. Mteswa mkubwa wa mtindo huu ni ile okidi ya chui, Ansellia africana, yenye maua ya manjano yaliyotapakaa madoa ya kahawia, na ambayo hujitengenezea juu ya tawi kikapu cha mizizi iliyosimama wima kukamatia majani yanayoanguka. Kikapu hicho ni kazi ya miaka, na panga ni kazi ya dakika moja.

Na hilo ni dogo ukilinganisha na yaliyotokea katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako okidi za ardhini, za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, zimechimbwa kwa mamilioni ya viazi vyake na kuvushwa mpaka Zambia, ambako hutwangwa, zikapikwa pamoja na unga wa karanga, kikawa chakula kipendwacho kiitwacho chikanda. Mimi siwezi kumlaumu mama wa Zambia anayepika chakula cha kwao, wala mwanakijiji wa Makete aliyeuza alichokichimba ili apate ada ya shule. Ninalolitazama ni hesabu: kiazi kikichimbwa, mmea umekwisha, na anayechimba hana anachopanda. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ile ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilitangazwa mwaka 2005, na kuzilinda okidi hizo kulikuwa miongoni mwa sababu zake kubwa. Jamii nzima ya okidi, za kwetu na za wengine, imo katika mkataba wa CITES uliotiwa saini Washington mwaka 1973, unaotaka vibali kwa kila okidi ya mwituni inayovuka mpaka. Mkataba huo, walakini, hausimami mlangoni mwa mtu anayenunua okidi ya gunia kwa ajili ya baraza yake mjini, na huyo ndiye ninayemwandikia.

Njia ya halali ipo, na si ngeni kwa wataalamu wetu. Ganda moja la okidi huweza kuwa na mbegu laki kadhaa, na katika aina nyingine kupita milioni, ndogo mno hata huonekana kuwa vumbi la manjano. Udogo huo una gharama yake: mbegu haina akiba ya chakula ndani yake, na mwituni haioti ila ikutane na ukungu maalumu unaoilisha, jambo lililogunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Ndiyo sababu katika mamilioni ya mbegu huota chache. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba ukungu huo unaweza kuachwa kabisa, mbegu zikapandwa ndani ya chupa safi, juu ya rojo lenye sukari na madini, na zikaota. Basi tangu wakati huo okidi si lazima iibiwe msituni. Na maabara za kukuza mimea chupani tunazo, Kenya, Uganda na Tanzania, ambazo kwa miaka mingi zimetoa miche ya migomba isiyo na maradhi kwa wakulima. Mtu anayeweza kuuzaa mgomba katika chupa hashindwi na okidi. Anachokosa ni mtu wa kumwagiza.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba nchi zenye upungufu wa madawati na dawa hazina wasaa wa kukuza maua, na kwamba okidi ni anasa ya wachache. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau kwamba hatununui maua. Lakini tunayanunua, tena kutoka ng'ambo, na fedha inakwenda huko. Tena tumekwisha kuona mara moja ua letu likiwafaidi wengine. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alikuta katika milima ya Usambara ua dogo la zambarau, akampelekea baba yake Ujerumani mbegu zake. Mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia, na leo hakuna nchi ya baridi ambamo halipo dirishani, wala sijui mkulima wa Usambara aliyetajirika kwalo. Anayesema kwamba mkulima wetu hana mkono wa kushika okidi na aende Mukono au Bukoba wakati vanila inapochanua. Vanila nayo ni okidi, asili yake ni Mexico, na ua lake huchanua asubuhi moja tu. Mkulima hupita na kijiti kidogo akikutanisha sehemu mbili za kila ua kwa kidole gumba, kwa ufundi uleule aliouvumbua mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili aitwaye Edmond Albius. Mikono ya watu wetu imekwisha kuifanya kazi hii kwa ajili ya mapishi na aiskrimu za watu wengine.

Ninalolipendekeza, basi, ni hili. Katika nchi ya Wagiriama, ambako wazee wa kaya wameihifadhi misitu yao kwa vizazi, waombwe ruhusa ya kuchuma ganda moja au mawili ya mbegu kutoka katika okidi iliyobeba jina la watu wao, mmea mama ukibaki palepale ulipo. Na Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya majaribio mwaka 1902 kwa ajili ya mazao ya faida yao, pafanywe vivyo hivyo kwa zile Aerangis za milimani kwa ajili ya faida ya wenyeji. Mbegu zipelekwe katika maabara iliyo karibu, na sehemu ya bei ya kila mche utakaouzwa irudi kwa kaya au kijiji zilikotoka, kwa mapatano yaliyoandikwa. Si kazi ya mwezi: mche wa chupa hutaka miaka mitatu hata saba, kwa kutegemea aina, ndipo uchanue mara ya kwanza, lakini anayepanda mnazi mrefu hangoji pungufu ya hapo na hakuna amwitaye mpumbavu. Bei ya mwanzo itakuwa kubwa, pengine kupita ile ya okidi ya Uholanzi, na wanunuzi wa kwanza watakuwa wenye nyumba za wageni za Lamu na Zanzibar, ambao tayari hulipa kwa asmini ya kila jioni na hawatashindwa kulipa mara moja kwa okidi itakayonukia miaka mingi.

Hadi hapo itakapopatikana, aliye na ile ngeni na aitunze, asiitupe maua yakianguka. Na anayekwenda kununua nyingine na amwulize muuzaji mambo mawili kabla ya kuuliza bei: mmea huu ulikuzwa wapi, na nani aliyeukuza. Muuzaji akisita, chungu na kibaki mezani pake.